Kwanza Maji, Kisha Mashine

Mwezi Machi, mvua zilipokuwa zimekolea hapa Ruangwa, mke wangu aliteleza uani akavunjika kiwiko cha mkono. Alikuwa akitoka jikoni na sufuria ya uji. Mahali pale sakafu ya saruji ilikuwa imeota utando wa kijani, utelezi mtupu, nami nilikuwa nimeuona siku nyingi nikaupita kama mtu apitavyo deni la jirani.

Mwanangu aliyeko Dar es Salaam alipopata habari alinipigia simu usiku uleule. "Shikamoo Baba. Mama anaendeleaje?" Nilipomweleza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitawaletea mashine ya presha, ile wanayooshea magari. Nakutumia picha za mashine tatu, wewe chagua moja tu." Picha zikaja. Mjukuu wangu akanifungulia simu, akanisomea: hii bari 100, hii bari 130, hii ya injini ya petroli bari 200. "Babu, tuchukue hii kubwa," akasema.

Nikamjibu mwanangu kwamba anipe muda. Yumkini alidhani ni ubahili wa kizee. Haukuwa ubahili. Nilikuwa na mambo mawili rohoni, moja la marehemu baba yangu na moja la kwangu mwenyewe, na yote mawili yanahusu mashine, maji na sakafu. Ningependa kuyaeleza hapa kabla sijaeleza nilichochagua.

La baba ni la karanga. Watu wa Nachingwea na Ruangwa hawahitaji kuhadithiwa sana habari hizi, lakini vijana wanazisikia kama ngano. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ilituma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield kuja kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi Afrika ya Mashariki. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ilipangiwa Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu. Kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha ikafika Nachingwea na Urambo.

Sasa tazama walivyochagua mashine. Matrekta mapya yalikuwa adimu, kwa hiyo walinunua mabaki ya jeshi yaliyokuwa yameachwa hata Ufilipino. Mengi yakafa katika miezi michache. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Mashine zilikuwa na nguvu za kutisha. Lakini udongo wa Kongwa una mchanga unaokula chuma na ukikauka hukakamaa kama saruji, na mvua zake hazina ahadi. Hayo hayakuulizwa vya kutosha. Huku kwetu Nachingwea walikuja kwa uangalifu zaidi, lakini msitu ulikuwa mzito na gharama zikazidi kupanda. Januari 1951 mpango ule ulivunjwa, na paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimeteketea. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Baba yangu alikuwa kibarua katika kufyeka msitu. Alizoea kusema kwamba Mzungu wa karanga alijua jina la kila nati katika trekta lake, lakini hakujua jina la mto uliokauka mbele yake. Mpango ulipokufa, alirudi nyumbani na kitu kimoja tu: pipa tupu la mafuta, ambalo sisi watoto tulilikokota na kulisugua kwa mchanga na majivu kwa siku kadhaa. Pipa lile liliwekwa penye ukingo wa paa likawa linakinga maji ya mvua. Mashine zote za karanga zilikwisha kuwa chakavu, lakini pipa lilitunywesha maji kwa miaka mingi.

La pili ni la kwangu, nalo si rahisi kulisema.

Nilitoka chuo cha ualimu katika miaka ya 1970, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ikiwa imekwisha kutangazwa tangu mwaka 1967. Vijiji vilikuwa vinahamishwa na kupangwa upya, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 shule zilikuwa zinachipuka kila mahali ili kila mtoto asome. Baada ya miaka michache nikapewa shule niiongoze. Ilikuwa na vyumba vinne, na wananchi walikuwa wameijengea baraza ndefu ya saruji iliyopigwa niru. Baraza ile ilikuwa fahari yetu. Nilitaka ing'are.

Maji yalikuwa mbali. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi Agosti hadi mvua za Desemba, mto ulikuwa mchanga mtupu. Watoto walifukua visima mle mchangani na kusubiri maji yajikusanye, kisha wakayachota kwa kata, kata moja baada ya nyingine, mpaka ndoo ijae. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya masomo, madarasa ya juu yalikwenda kuchota maji ya kuosha baraza. Wavulana walifyeka uwanja, wasichana walibeba maji. Hivyo ndivyo tulivyoona kazi zinavyogawanywa, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ijumaa moja, siku chache kabla ya ukaguzi, niliagiza maji zaidi. Wasichana walirudi saa nne kasoro, nguo zimelowa, ngata vichwani. Mmoja wao wa darasa la sita alitua ndoo yake mbele yangu, akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, haya maji ni ya kunywa au ya kumwaga?"

Msomaji wangu, lile lilikuwa swali la haki. Nyumbani kwao, kama nyumbani kwa wengi, ndoo moja ya namna ile ilikuwa maji ya watu watano kwa siku nzima. Mimi nililisikia kama ufidhuli. Nilimchapa viboko viwili na kumrudisha mtoni. Hesabu za Ijumaa ile hakuzisoma, wala za Ijumaa nyingine nyingi hawakuzisoma wenzake. Mkaguzi alikuja, akaisifu baraza. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akaona vipindi vya asubuhi vya Ijumaa vilivyokuwa vitupu, akaniangalia bila kusema kitu. Baraza iling'aa siku mbili, vumbi jekundu likarudi.

Simsingizii mtu. Siasa ilisema watoto wafanye kazi, nayo haikukosea. Haikusema wafanye kazi ili mwalimu mkuu asifiwe. Hiyo niliiongeza mimi.

Wala serikali haikuwa imelala kuhusu maji. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea mpango wa miaka ishirini, kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Katika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara walikuja Wafini. Walitengeneza mpango mkuu wa maji katikati ya miaka ya 1970, kisha wakachimba visima na kufunga pampu za mkono aina ya Nira, ambazo wazee wa huku bado wanazikumbuka kwa jina hilo. Pampu ilipofanya kazi ilikuwa sikukuu. Ilipoharibika, kipuri kilikuwa mbali, na wasichana walirudi mtoni na ngata zao. Mwaka 1991 ulipofika, mita 400 zilikuwa bado ni ndoto kwa vijiji vingi. Sera ya maji ya mwaka huo, na ile ya mwaka 2002 iliyofuata, zikatufundisha kwamba mtumiaji naye achangie gharama. Baadaye bomba la kutoka chemchemi za Mbwinji likaleta maji Masasi na Nachingwea, na mwaka 2019 ukaundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Leo nina bomba uani kwangu, jambo ambalo baba yangu asingeliamini. Lakini mwezi Oktoba bomba hilo hukoroma zaidi kuliko linavyotoa maji.

Basi nikakaa na picha zile tatu, nikaanza kuuliza kama mwanafunzi. Kuuliza si ujinga.

Kwanza niliuliza presha ni nini. Maji yakiwekwa juu, uzito wake husukuma chini. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 10 husukuma kwa nguvu ya bari 1 hivi. Mashine ya bari 120, basi, ni kama kuwa na mnara wa mita 1,200 nyuma ya nyumba. Nguvu hiyo haitoki kwenye maji mengi, inatoka kwenye tundu dogo. Pampu inasukuma maji kidogo kwa nguvu kupitia pua nyembamba, na ule mchirizi ndio unaong'oa uchafu.

Nguvu hii ilianza kutumika zamani, tena kwa uharibifu. Huko California, Marekani, katika miaka ya 1850, wachimba dhahabu walianza kuteremsha maji kutoka milimani kwa mabomba na kuyaelekeza kwenye vilima. Vilima vilibomoka kama sukari. Tope lake lilijaza mito na kufunika mashamba ya wakulima waliokuwa chini, mpaka jaji mmoja, Lorenzo Sawyer, alipolizuia tope hilo kumwagwa mitoni mwaka 1884. Aliyeleta nguvu hii kwenye usafi huko Ulaya ni Alfred Kärcher, Mjerumani, ambaye mwaka 1950 alitengeneza mashine ya maji ya moto yenye presha kubwa, baada ya kampuni yake kuzoea kutengeneza mashine za mvuke za jeshi la Marekani. Alikufa mwaka 1959, mjane wake Irene akaiongoza kampuni. Mwaka 1984 ndipo ikatoa mashine ndogo ya kubebeka kwa matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo kitu ambacho mjukuu wangu anakiona cha kawaida kina umri mfupi kuliko ualimu wangu.

Pili niliuliza habari za sakafu yangu, kwa kuwa hapo ndipo watu wa karanga walipojikwaa. Nilikwenda kwa kijana anayeosha magari kando ya barabara, nikamlipa aje na mashine yake ya petroli kwa nusu saa. Tulijaribu kwenye pembe moja nyuma ya choo, mahali ambapo pakiharibika hapaoni mgeni. Alipotumia pua nyembamba kwa karibu, utelezi uliondoka, na niru ikaondoka nayo, mchanga ukabaki wazi. Sakafu ile niliipiga miaka mingi iliyopita, nikabana saruji kwa sababu ya mshahara. Alipobadilisha pua, akaweka ile inayotawanya maji kama upepeo, akasimama mbali kidogo, kiasi cha sentimita 30 hivi, utelezi uliondoka na niru ikabaki. Nikajifunza kwamba bari 200 ni za saruji ngumu na magari ya mizigo. Kwa sakafu ya mwalimu mstaafu, bari 100 hadi 130 zinatosha, na pua ni muhimu kuliko bari. Ukuta wa matofali ya udongo usiuguse kabisa.

Kijana yule alinionya pia, nami naona vyema nilipitishe onyo lake. Mchirizi ule unaweza kupasua ngozi na kuingiza maji na uchafu mwilini, kwa hiyo usimwelekezee mtu hata kwa mzaha, wala usinawe nao miguu. Vaa viatu vya kufunika vidole. Kama mashine ni ya umeme, soketi yake iwe na waya wa athi, na maungio ya nyaya yakae mbali na maji. Nyumba zetu nyingi zimefungwa umeme bila athi ya maana. Usinunue mashine kabla fundi hajaangalia hilo.

Tatu, swali kubwa, niliuliza habari za maji. Mashine ndogo ya umeme hutumia kama lita 6 kwa dakika. Mpira wa bombani ulioachwa wazi unaweza kumwaga lita 15. Kwa hiyo anayesema mashine inabana maji hasemi uongo. Lakini piga hesabu: lita 6 mara dakika 60 ni lita 360. Hizo ni ndoo 18 za lita 20. Nilipoandika hesabu hiyo nyuma ya bahasha, niliwaona wasichana 18 wamejipanga mbele ya baraza, ngata vichwani, na yule wa mbele ananitazama.

Umeme nao si haba. Injini ya wati 1,600 ikifanya kazi saa nzima itakula uniti moja na zaidi ya nusu. Hizo zinalipika. Maji ya mwezi Oktoba hayalipiki, kwa kuwa hayapo.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla mke wangu hajaanguka. Mvua ikinyesha, nilitoka na mwavuli nikasimama uani nikaangalia maji yanatoka wapi. Paa langu lilikuwa halina mfereji upande wa jikoni. Maji yote ya upande ule yalikuwa yanaangukia palepale alipoteleza, na mwembe unapatia kivuli kutwa. Saruji haikupata kukauka. Utelezi haukuwa uchafu uliokosa mashine. Ulikuwa maji yaliyokosa mahali pa kwenda. Ningenunua hata mashine ya bari 200, baada ya wiki chache utando ungerudi, nami ningeosha tena, na tena.

Nikampigia mwanangu. "Mwanangu," nikamwambia, "kabla ya mashine, nisaidie mifereji ya bati na tangi la lita 1,000." Akacheka. "Baba, mimi nakupa mashine, wewe unataka bati?" Nikamweleza hesabu: paa la upande ule lina mita za mraba 40 hivi. Kila milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni ya kawaida kabisa masika, inaleta lita 400, na hata nyingine zikipotea, tangi linajaa kwa mvua tatu nne. Akanyamaza, kisha akasema, "Sawa, Mzee. Nimeelewa."

Mifereji ilifungwa, tangi likawekwa. Mwembe tukaupunguza matawi. Katika wiki tatu pale mahali palianza kukauka saa za mchana, na utando ukawa unabanduka wenyewe kwa fagio la chelewa na brashi ngumu. Ndipo tukanunua mashine, ile ndogo ya umeme ya bari 100. Nilichosisitiza dukani si bari. Nilitaka iwe na uwezo wa kuvuta maji kutoka kwenye tangi, kwa sababu nyingine zinadai maji ya bombani yenye msukumo wake, na pampu ikikosa maji huungua. Nilitaka pia chujio la kuzuia mchanga, pua mbili tofauti, na vipuri vinavyopatikana Lindi au Mtwara. Somo la Nira sijalisahau.

Tumepanga sheria ya nyumba. Mashine itatumika mara mbili tu kwa mwaka: katikati ya masika tangi linapofurika, na mwezi Mei mvua zinapoaga. Tangu Juni tangi linafungwa kwa kufuli, maji yake ni ya kupikia na kufulia, na kwa jirani aliyeishiwa. Uwanja unafagiliwa kwa fagio, kama walivyofagia mama zetu, na vumbi jekundu tunalivumilia. Mjukuu wangu ndiye mwendeshaji mkuu, na tangi likipungua anachota maji yeye, si dada yake.

Mkono wa mke wangu umepona, ingawa baridi ikija unamuuma. Yeye mwenyewe aliniambia, akiwa amekaa kwenye kigoda na kuangalia mchirizi ukisafisha pembe ya jikoni, "Umechelewa, lakini umefanya vizuri." Nimeyapokea yote mawili.

Yule msichana wa darasa la sita sijui yuko wapi. Kama yu hai ni bibi wa watu. Sikumwomba radhi alipokuwa mbele yangu, na baadaye nilihamishwa shule. Swali lake nilikaa nalo miaka zaidi ya arobaini bila kulijibu, na nimelazimika kununua mashine ili nilijibu. Jibu ni hili: maji ni ya kunywa kwanza, mwanangu. Yakibaki, na mbingu ikiwa imetoa kwa wingi, ndipo ya kumwaga. Na anayetaka kuyamwaga ayachote mwenyewe.